Waliohesabu Macho: Kutoka Lori la Vugiri hadi Skrini za Kariakoo

Bango la kielektroniki likiwashwa katikati ya Dar es Salaam, aliyelilipia hasumbuki sana na swali la kama limependeza. Anataka kujua wangapi wameliona, wamelitazama kwa muda gani, na walipoliacha wamekwenda kufanya nini. Swali hilo lina umri mkubwa kuliko skrini zenyewe. Hapa nchini lilianza kuulizwa kwa fomu na madaftari mwaka 1935, na waliolibeba walikuwa na lori, jenereta na kitambaa cheupe.

Vugiri, 1935–1937

Vugiri ipo kwenye milima ya Usambara, juu ya Korogwe. Huko ndiko ulikopiga kambi mradi uliokwenda kwa jina la Bantu Educational Kinema Experiment, jaribio la kuwafundisha Waafrika kwa sinema. Ulikuwa chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na fedha zake nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la New York. Mkurugenzi alikuwa J. Merle Davis. Meja L. A. Notcutt, aliyekuwa ameshasimamia mashamba Afrika Mashariki, ndiye aliyeongoza upigaji picha, naye G. C. Latham, aliyewahi kuwa mkuu wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini, alishika upande wa mafunzo.

Katika muda wa miaka miwili hivi walitengeneza filamu zipatazo 35. Mada zake zilikuwa zile ambazo bwana shauri yeyote wa wakati ule angezitaja bila kufikiri: safura, kodi, mmomonyoko wa udongo, mbegu bora, kuweka akiba posta. Filamu zilikuwa za milimita 16, na sauti haikuwa ndani ya filamu. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine, kisha sahani ikazungushwa sambamba na picha. Mwendeshaji akiteleza kidogo, sauti inasifia mavuno wakati picha bado iko kwenye kupanda.

Lori lilitoka Vugiri mwaka 1935 na kuzunguka Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Kenya na Uganda. Makumi ya maelfu ya watu walikusanyika usiku mbele ya kile kitambaa. Na hapa ndipo habari yetu inapoanzia hasa, kwa sababu Notcutt na Latham hawakutaka kuonyesha tu. Walitaka kupima. Waliangalia watu wanacheka wapi, wananyamaza wapi, wanashangilia nini, na baada ya onyesho waliuliza nini kimeeleweka. Mwaka 1937 walichapisha matokeo katika kitabu chao The African and the Cinema.

Kipimo chao kilikuwa na kasoro moja kubwa. Waliotoa maoni yaliyotiwa uzito walikuwa zaidi maofisa, wamisionari na walimu. Yaani aliyeketi chini kwenye nyasi alipimwa kwa jicho la aliyeketi kwenye kiti. Kicheko kikisikika, mwenye daftari ndiye aliyeamua kama ni cha furaha, cha dhihaka, au cha mtu aliyemtambua jirani yake kwenye picha. Ukisoma kumbukumbu za miaka ile utaona jinsi Mwafrika mtazamaji alivyokuwa ameshaamuliwa kuwa ni wa namna gani kabla taa haijawashwa. Fedha za Carnegie zilipokwisha serikali za makoloni hazikuwa tayari kuubeba mradi, ukafa. Tabia ya kupima ikabaki.

Kuku aliyeonekana, 1939–1962

Mwaka 1939, vita ilipoanza, Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni. Aliyekiongoza, William Sellers, alikuwa mtaalamu wa usafi aliyefanya kazi Nigeria na kuzungusha sinema za afya vijijini. Kutokana na aliyoyaona kwenye maonyesho yale alijenga kanuni: picha ziende polepole, tukio moja lichukue muda mrefu, kamera isirukeruke, hila za kiufundi ziachwe. Kanuni hizo zilitawala filamu za serikali kwa muda mrefu, Afrika Mashariki ikiwamo.

Hadithi iliyosafiri kuliko zote kutoka enzi hizo ni ya kuku. John Wilson, Mwingereza aliyeshughulika na filamu za mafunzo, alieleza kwamba watazamaji wa Kiafrika walionyeshwa filamu ya dakika kama tano kuhusu namna ya kuondoa maji yaliyotuama nyumbani. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji wenyewe hawakujua kama kuna kuku. Wakairudia filamu picha kwa picha, na kweli, kwa sekunde moja hivi, kuku alikuwa amekurupuka kwenye kona ya chini. Marshall McLuhan aliichukua hadithi hiyo mwaka 1962 katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy, akaitumia kueleza kwamba watu wasiozoea maandishi hawajui kuitazama picha yote kwa pamoja.

Mimi naisoma kinyume. Watazamaji walikuwa sahihi: kuku alikuwapo. Waliokosea ni waliotengeneza filamu na kuipima bila kujua kilichomo. Mfugaji anayeona kuku wa mtu akikurupuka ameona mali. Maji kwenye kopo ameyaona tangu utotoni. Kila anayepima watazamaji leo kwa kamera ya bei mbaya angefaa kumkumbuka kuku huyo kabla hajaandika kwamba watu hawakuzingatia.

Tanganyika yenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilijaribu njia tofauti. Ziliandaliwa filamu za hadithi kwa Kiswahili zilizochezwa na watu wa hapa, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu, na mchezaji wake mkuu alikuwa kijana mtumishi wa idara ya maendeleo ya jamii, Rashidi Mfaume Kawawa. Mwaka 1955 alikuwa kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Sijui kama kuna kipimo cha watazamaji ambacho kingeweza kuitabiri safari ile.

Tiketi na mnara, 1961–1993

Mjini mambo yalikuwa mengine kabisa. Kumbi za sinema za Empire, Avalon, Empress, Odeon, New Chox na Cameo zilikuwa biashara, na biashara haihitaji daftari la kicheko. Ilikuwa na tiketi. Kishina cha tiketi kilimwambia mwenye ukumbi wangapi wameingia, kikamwambia msambazaji wa filamu fungu lake, na kikamwambia mtu wa kodi ya burudani cha kudai. Jumapili zilikuwa siku za filamu za Kihindi, familia zikijaa, na nje walanguzi wakiuza tiketi kwa bei ya kuruka. Mlanguzi naye alikuwa mpimaji. Akikisia vibaya anabaki na vikaratasi mkononi, picha ishaanza.

Mwaka 1966 ilifunguliwa sinema ya Drive-In upande wa Msasani, pale ambapo baadaye ulijengwa ubalozi wa Marekani. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika kitabu kizima juu ya watazamaji wa sinema Tanzania, ameonyesha jinsi mahali hapo palivyokuwa pa matembezi ya familia hata katika miaka ya ujamaa: chakula kutoka nyumbani, watoto, majirani kusalimiana gari kwa gari. Tiketi ilihesabu waliofika. Kama walitazama skrini au walitazamana wao kwa wao, hilo halikuwa shauri la mlangoni.

Mkabala na hayo weka Mnara wa Saa, uliosimamishwa mwaka 1961 Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji. Nao ni chombo cha hadhara, kinatoa habari mchana na usiku, na umati unapita chini yake kuelekea Kariakoo au Posta. Lakini haukuwa na mtangazaji wa kulipa kwa kila jicho, kwa hiyo haukuwa na wa kuyahesabu macho. Kinachopimwa mjini kwa kawaida ni kile chenye mlipaji.

Zanzibar ilipata televisheni ya rangi katika miaka ya mwanzo ya 1970, mapema kuliko nchi nyingi za bara hili. Tanzania Bara ilisubiri miaka ishirini. Serikali haikuiona televisheni kuwa ya lazima kwa nchi maskini, na pengo hilo likazibwa na video. Kanda ziliingia, mabanda yakajengwa, na Dar es Salaam ikapata chuo chake cha kupima watazamaji.

Mabenchi, 1994–2012

Mwaka 1994 televisheni binafsi zilianza kurusha matangazo bara, ITV ikiwa miongoni mwa za kwanza. Pamoja nazo likaja swali la wenye bidhaa: tangazo langu limetazamwa na nani? Kampuni ya utafiti ya Steadman, iliyogeuka Synovate na kisha Ipsos, ilituma wahoji nyumba kwa nyumba kuuliza watu jana walitazama kituo gani, saa ngapi. Baadaye, mwaka 2014, GeoPoll ikaleta njia ya kuuliza kwa ujumbe mfupi wa simu.

Njia zote mbili zinategemea kumbukumbu ya mtu na mahali anapoishi. Lakini Dar es Salaam haikuwa inatazama nyumbani kwake. Ilitazama kwa jirani, baa, kwa kinyozi, na kwenye kibanda umiza. Mtu ambaye nyumbani kwake hakuna hata redio angeweza kuwa ameona mechi tatu kwa wiki. Ukimuuliza una televisheni, anasema hana. Ndiyo kweli, na jibu lake linakupoteza.

Kibanda umiza kinahitaji maelezo kidogo, kwa sababu hakuna mtafiti niliyemsoma aliyekuwa na mbinu nzuri kuliko mwenye kibanda. Chumba cha mabati au cha miti, mabenchi, feni moja kama ipo, skrini mbele, na mtu mlangoni anapokea hela. Mchana filamu ya kupigana, jioni mpira. Wale waliokuwa wanaitafsiri filamu kwa Kiswahili papo hapo, na mashuhuri kuliko wote alikuwa Lufufu, walikuwa wakiyasikia mabenchi wakati wanazungumza. Utani ukipokelewa unaongezwa chumvi. Maelezo yakizidi miguno inaanza, na msimulizi anaharakisha. Mwenye kibanda alijua zaidi: anajua ni filamu gani inawafanya watu walipe tena, ni saa ngapi wanatoka kabla haijaisha, na ni timu gani ikifungwa mapema benchi linapungua. Alikuwa analipia makosa yake jioni hiyo hiyo. Wahoji wa nyumba kwa nyumba walilipwa wapatie wakosee.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam. Asiye na king'amuzi alibaki na skrini nyeusi. Kwa watu wa takwimu ilikuwa ni kubadili teknolojia. Kwa mitaa ilikuwa ni kurudi kwenye mabenchi, maana kingʼamuzi kimoja chenye kifurushi kilicholipiwa kilikuwa kinatosha uchochoro mzima.

Hadhira nyingine ya miaka hiyo hiyo ilikuwa kwenye meza za magazeti. Asubuhi watu wanasimama kwenye nusu duara, mikono nyuma au mfukoni, wanasoma kurasa za mbele zilizotandazwa na kubanwa kwa mawe, wanabishana kuhusu usajili wa Simba na Yanga, kisha wanakwenda kazini bila kununua hata moja. Kwa mhariri hao si wasomaji, maana mauzo hayawaoni. Muuza magazeti hawafukuzi. Anajua kwamba meza yenye watu inaita watu.

Sekunde mbili, 1969–2012

Jambo hilo la meza, wataalamu walilithibitisha mbali na hapa. Mwaka 1969 Stanley Milgram na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa kwenye barabara moja ya New York. Waliwapanga watu wao wasimame na kutazama juu kwenye dirisha la ghorofa ya sita, kisha wakarekodi wapita njia. Akisimama mtu mmoja, asilimia 4 ya waliopita walisimama pia. Wakisimama 15, waliosimama walifika asilimia 40, na walioinua macho bila kusimama walikuwa wengi zaidi ya hao. Kumbuka tofauti hiyo: kutazama ni rahisi, kusimama kuna gharama.

Skrini za kidijitali zilipoingia kwenye stesheni na maduka ya Ulaya, Harry Brignull na Yvonne Rogers walieleza mwaka 2003 jinsi watu wanavyovutwa na watu walioko mbele ya skrini zaidi ya kuvutwa na skrini yenyewe, kama nyuki kwenye asali. Mwaka 2008 Elaine Huang na wenzake walikwenda kuangalia skrini zilizokuwa tayari mitaani na madukani. Walikuta wengi hawazitazami kabisa, na wanaotazama wanatupa jicho kwa sekunde moja au mbili tu. Skrini iliyo usawa wa macho ilitazamwa zaidi ya iliyoning'inizwa juu, ingawa hiyo ya juu ndiyo kubwa na ya gharama. Mwaka mmoja baadaye Jörg Müller alionyesha sababu mojawapo: watu wametarajia kukuta tangazo lisilowahusu, kwa hiyo jicho linaruka kabla ya kusoma. Mwaka 2012 yeye na wenzake waliweka kwenye dirisha la duka skrini inayoakisi mwili wa mpita njia. Wengi walikuwa wameshapita ndipo wakagundua, wakarudi nyuma hatua kadhaa.

Mpaka hapo kazi ya kuhesabu ilikuwa imegawanyika hatua nne: aliyepita, aliyegeuza shingo, aliyesimama, na aliyefanya kitu. Kila hatua inaacha wengi nyuma, na mwenye bango huuziwa namba ya hatua ya kwanza.

Magogoni na Kariakoo, 2016 hadi sasa

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, yakiunganisha Kimara na Kivukoni na tawi la Gerezani, katikati ya jiji ilipata watu wengi waliosimama kwa muda mahali pamoja, kitu ambacho daladala haikuwahi kutoa. Mabango ya kielektroniki yakaongezeka kwenye makutano na mbele ya majengo. Yanauzwa kwa idadi ya magari na watu wanaopita. Hesabu yenyewe si ngumu kuikagua. Chukua skrini inayozungusha matangazo sita, kila moja sekunde kumi. Mpita njia akitupa jicho kwa sekunde mbili, ana nafasi kama moja kati ya sita ya kuliona lako, na mara tano kati ya sita ameona la jirani yako. Namba ya waliopita haikuambii hilo.

Mtaa wa Kongo, Kariakoo, unaongeza ugumu wake. Kaa ng'ambo ya duka lililogeuza televisheni barabarani, kwa muuza kahawa, uwe na karatasi yenye safu zile nne. Msukuma mkokoteni hatazami. Macho yake yako kwenye miguu ya watu, mdomo unaomba njia. Mwenye mzigo kichwani hawezi kuinua shingo hata akitaka. Mama aliyeshika mtoto mkono mmoja na mfuko mkono wa pili anatazama bei zilizoandikwa kwa kalamu kwenye maboksi, ambayo ni maandishi yanayosomwa kuliko skrini zote za mtaa ule. Kijana anatupa jicho kwenye skrini huku mkono ukienda mfukoni kwenye simu, kwa kuwa msongamano unaotazama juu ndio vibaka wanaoupenda. Halafu mpira unawekwa. Mmoja anasimama, wa pili, wa tano, na katika dakika chache njia imeziba. Kamera ingeandika ushindi. Mwenye duka anatoka nje kuwasogeza, kwa sababu migongo ya watazamaji imeziba bidhaa zake.

Machinga walipoondolewa kwenye barabara za Kariakoo kuelekea mwisho wa 2021, hata mwelekeo wa macho ulibadilika. Meza za chini zilikuwa zikivuta macho chini. Zilipopungua, madirisha ya maduka na mabango yalipata watazamaji ambao hayakuwa yamewafanyia kazi yoyote. Mtu aliyelinganisha takwimu za kabla na baada bila kujua habari ya machinga angedhani tangazo lake limeboreka.

Magogoni, kwenye kivuko cha kwenda Kigamboni, hali ni kinyume. Pale watu wanangoja. Skrini ikiwekwa mbele ya abiria hao itatazamwa muda mrefu kuliko mahali pengi mjini, lakini ni kutazama kwa jicho moja. La pili liko kwenye geti na pantoni inayokuja. Geti likifunguliwa, sentensi inaachwa katikati. Na kwenye makutano yenye taa zinazohesabu sekunde, bodaboda wanazifuata zile namba kwa makini ambayo hakuna tangazo limewahi kupata, wakiondoka zikiwa zimebaki tatu.

Kamera za sasa zinaweza kuhesabu nyuso, kukisia umri na jinsia, na kupima muda wa kutazama bila mtu kuulizwa chochote. Kwa Notcutt na Latham hiyo ingekuwa ndoto. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na msingi wake ni kwamba mtu ajulishwe taarifa zake zinakusanywa kwa ajili gani. Kijijini mwaka 1935 hilo lilikuwa wazi kwa namna yake: mwenye daftari alionekana, na watu waliweza kukataa kumjibu au kumjibu anachotaka kusikia. Kamera iliyofichwa juu ya skrini inaweza kuwa inahesabu vichwa na kufuta picha papo hapo, au inaweza kuwa inazihifadhi. Kwa nje ni ile ile. Aliyebeba gunia Mtaa wa Kongo hana namna ya kutofautisha, na kibandiko cha kumweleza, kama kitawekwa, itabidi kiwe chini, usawa wa macho yake.